Namba ya Kipanya cha Abu Ratib

Jumamosi, 4 Januari

Umri wangu sabini na nne. Nimeyazika malori matatu, daktari aliyenikataza chumvi, na mkahawa wa karata wa Mtaa wa Chuo Kikuu, ambao siku hizi ni kafe ya intaneti yenye viti kama vya marubani. Meno nayo nimeyazika, karibu yote. Mimi bado nipo. Shule niliachia darasa la nne, lakini barabara ya kutoka hapa Irbid mpaka Basra naijua kwa matako, shimo kwa shimo. Naandika haya kwa sababu mke wangu, Umm Hazaa, amechoka kunisikiliza.

Habari kubwa. Mjukuu wangu Arin anaondoka. Jumapili ya wiki ijayo, Ujerumani, kusomea mambo ya mashine. Lakini kabla ya hapo, Ijumaa, kuna mashindano ya gemu ya kufyatuliana risasi pale kafe. Arin ndiye nahodha wa timu yake. Muin, mwenye kafe, kaweka sharti la kuchangamsha watu: kila timu iwe na mtu mmoja aliyevuka sitini. Nikamwambia Arin asihangaike kutafuta, mtu mwenyewe ni mimi. Akasema Abu Ratib naye ameomba.

Abu Ratib! Mkwe mwenzangu. Binti yake kaolewa na mwanangu Hazaa, ndio wakamzaa Arin. Mfamasia mstaafu. Mtu wa kuhesabu punje za ufuta kwenye mkate.

Arin kasema Alhamisi atatupima sote wawili. Atakayelenga vizuri atakaa kiti cha kuliani kwake. Kuliani kwake, siku mbili kabla hajapanda ndege. Kiti hicho nakitaka kuliko nilivyolitaka lori la kwanza.

Jumapili, 5 Januari

Nimeanza mazoezi. Vitufe vya kutembelea nimevizoea upesi, ni kama gia. Tabu ni kipanya. Kuna namba ya wepesi wake: unasukuma kipanya hiki kidogo, je, mtu wako kwenye kioo ageuke kiasi gani? Wengine wanataka ageuke kidogo, wengine ageuke sana. Vijana hapa wanagombana juu ya hilo kuliko juu ya siasa.

Nikaona mwanamume haogopi namba kubwa. Nikaweka ya juu kabisa. Nikagusa kipanya. Nikaona mbingu. Nikaona viatu vyangu. Nikaona mbingu tena. Nikasikia risasi, nikafa, sikumwona hata aliyeniua. Muin akaniletea chai ya majani ya maramia, akaniuliza kama niletewe na ndoo ya kutapikia.

Nikaweka ya chini kabisa. Hapo kugeuka nyuma ni safari. Nikasukuma mkono mpaka mwisho wa meza, chai ya maramia ikaenda nao, ikamkuta jirani mapajani.

Arin alikuja akanifuta meza. Akasema, "Babu, chagua namba moja ukae nayo. Hata ikiwa mbaya. Mkono utaizoea. Ukibadilisha kila saa, mkono haujui ushike ipi."

Maneno mazuri. Kwa wanaoanza.

Jumatatu, 6 Januari

Abu Ratib kaja leo kafe. Kipanya chake mwenyewe, kakifunga ndani ya kitambaa cha miwani. Kakaa. Kasafisha kioo. Kawapiga maadui watano vichwani mfululizo, pa pa pa, bila hata kupepesa, kama anayebandika lebo kwenye chupa.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Si kwamba nilikuwa nachungulia. Nilikuwa napita. Alipofungua ukurasa wa namba, akavua koti lake la manyoya akafunika kioo. Mzee mzima! Nikamwambia ficha tu, hiyo si namba, ni sumu ya dukani kwako. Akajibu, bila kugeuka, kwamba dawa ya mtu mmoja haimponyi mwingine, na kwamba mimi hata dawa ya kikohozi nilikuwa nainywa kwa kifuniko cha jerikani.

Sasa nimejua. Si macho yake, si mkono wake. Mkono wake unatetemeka kuliko wangu, nimeuona ukishika kijiko. Ni namba. Anayo namba.

Nikamwendea Muin. Nikamwambia mashine zote ni zako, unaweza kuona. Akaniambia ameweza kuona mengi kwenye mashine hizi na yote atazikwa nayo.

Jumanne, 7 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo hakuna mtu wa Irbid aliyewahi kulifanya. Nimepeleka jaha ya aina yake, yaani ujumbe wa wazee wa kuombea haja.

Mambo haya wazee wetu hawakuyaweka kwa mchezo. Wazee wakija kwako na haja, ukawamiminia kahawa, wakaviweka vikombe chini bila kunywa, basi umebanwa. Kahawa ile hainyweki mpaka useme ndiyo. Wameombwa mabibi harusi kwa kahawa hiyo. Imesamehewa damu. Mtu akiwarudisha wazee na kahawa baridi, aibu yake itawafuata wajukuu.

Nikamwendea Hajji Abu Saqri, ambaye ndiye msuluhishi wa mtaa mzima. Nikamwambia nina haja nzito kwa mkwe mwenzangu. Hakuuliza. Mtu mwenye adabu haulizi. Alivaa joho lake jeusi lenye uzi wa dhahabu, akaita na wazee wengine watatu. Tukaenda.

Abu Ratib akafungua mlango, akatuona, akabadilika rangi. Alitukaribisha. Akashika dele, akamimina, kahawa chungu, ya hiliki, nzuri. Nikapokea kikombe changu. Nikakiweka chini, kwenye zulia. Abu Saqri akaweka chake. Wote wakaweka.

Nyuma ya pazia mkewe akaanza kulia. Sikuelewa kwa nini. Baadaye Umm Hazaa alinieleza, na njia aliyoitumia kunieleza siiandiki: walidhani mwanangu anataka kumwacha binti yao.

Nikasema, "Abu Ratib, kahawa yako hatuinywi mpaka utupe haja yetu."

Akasema, "Semeni. Mkiniomba jicho, nitatoa."

"Tunataka namba ya kipanya chako."

Hata jiko la mafuta liliacha kunguruma. Kilio cha nyuma ya pazia kikakatika katikati. Abu Saqri akanigeukia polepole, kama trela.

Abu Ratib akakaa chini. Akajipangusa uso. "Mmepewa," akasema. "Sifuri nukta tatu tano. Kunyweni kahawa."

Tukanywa. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha. Abu Saqri alisema neno moja tu alipofika mlangoni kwake: alisema joho hili la dhahabu lilipatanisha koo mbili za Ajluni. Akafunga mlango.

Wivu. Namba ninayo.

Jumatano, 8 Januari

Nimedanganywa!

Niliiweka namba, ileile, sifuri nukta tatu tano. Mtu wangu hakugeuka. Anageuka kama lori lenye mzigo wa saruji kwenye uchochoro. Mpaka nimalize kona, nimeshauawa, na aliyeniua ameshakwenda kula.

Nikatoka moto mmoja mpaka kwa Abu Ratib. Nikamkuta anamwagilia mnanaa. Nikamwambia mtu anayedanganya mbele ya kahawa, mvua humkimbia. Hakukasirika. Aliniuliza kile kitufe kidogo nyuma ya gurudumu la kipanya changu kinawaka taa ya rangi gani. Nikamwambia sijui habari za taa. Akasema kila kipanya kina kasi yake ya asili, inabadilishwa kwa kitufe hicho, na namba ya kwenye kioo ni nusu tu ya jambo.

"Mbona hukusema?"

"Uliomba namba, Abu Hazaa. Hukuomba kitufe. Ningekupa vyote, lakini mlikuja wazee watano na sura za msiba, nilisahau hata jina langu."

Nikamwuliza chake kina taa gani. Akacheka. Akasema kwa hilo nilete jaha nyingine.

Abu Saqri hanifungulii mlango. Nimejaribu.

Basi nikarudi kafe nikakibonyeza mwenyewe. Nyekundu: saruji. Buluu: lori tupu. Zambarau... zambarau! Mkono ukaenda, mtu akaenda. Nikataka kona, nikapata kona. Nikapiga kichwa. Nikapiga kingine. Muin akaja kuangalia, akamwita Arin. Arin akasimama nyuma yangu, kisha akaweka mkono kichwani pangu kama mimi ndiye mjukuu.

"Hapo hapo, babu," akasema. "Usiguse tena kitu."

Waambieni wa Basra nimefika.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya kupimwa. Kafe imejaa. Abu Ratib kaanza. Vizuri, lakini mkono ulimtetemeka, mara mbili risasi zilikwenda ukutani. Nikaingia mimi. Zambarau. Pa. Pa. Nilikuwa mbele yake, Muin mwenyewe alitangaza. Zikabaki shabaha chache za mwisho.

Hapo nikawaza: ikiwa zambarau ni nzuri hivi, rangi inayofuata je?

Nikabonyeza.

Sitaki kuandika yaliyofuata. Niliona mbingu.

Arin alitangaza jina la Abu Ratib, kwa sauti ndogo, huku ananitazama mimi. Nikarudi nyumbani. Umm Hazaa aliweka dengu mezani, sikula. Nikamwambia macho yananiuma kwa sababu ya vioo. Akasema anajua.

Kabla ya isha mlango ukagongwa. Abu Ratib. Nyuma yake Hajji Abu Saqri na joho lake, uso wa mtu aliyeburutwa. Nikawakaribisha, nikamimina kahawa. Abu Ratib akapokea kikombe, akakiweka chini.

Nikasema moyoni, ameona rangi, sasa anaitaka zambarau yangu.

"Abu Hazaa," akasema, "kahawa yako siinywi mpaka unipe haja yangu. Huyu mtoto mimi nimekaa naye. Kuhesabu alijifunzia dukani kwangu, kwa vidonge. Meno yake ya kwanza yalitokea mapajani pangu. Wewe ulikuwa barabarani, unawatafutia unga. Kesho kiti kile ukae wewe."

Nilitaka kujibu kitu cha kumweka mahali pake. Badala yake nikakisogeza kikombe chake karibu naye.

"Na kitufe," akaongeza, "usikiguse. Hilo nalo ni sehemu ya haja."

Nikasema, "Umepewa. Kunywa, inapoa."

Akanywa. Abu Saqri akanywa, akasema kwa kweli hii angalau ilikuwa jaha.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekaa kuliani kwa Arin. Watu wote wameona. Hedifoni kichwani, kizulia cha kipanya mbele yangu, bega langu na bega lake. Zambarau inawaka. Duru ya kwanza nikamwangusha mtu, kijana wa Zarqa mwenye ndevu za kuchongwa. Arin akapiga meza, akasema, "Huyo ni babu yangu!" Akarudia, ili wa nyuma wasikie.

Kitufe sikukigusa. Nilitoa neno juu ya kahawa, na neno langu halina gia ya kurudi nyuma. Lakini wakati wa mapumziko nikafikiri kwa makini. Neno nililitoa juu ya kitufe. Juu ya namba ya kwenye kioo hakuna aliyeniomba kitu. Nikaona niipandishe kidogo tu, kutoka tatu tano iwe nne. Nne baada ya nukta. Sasa ile nukta ni ndogo kama jicho la sisimizi na miwani ilikuwa mfukoni. Ikaingia nne, nukta ikabaki njiani.

Duru ya pili ikaanza. Mtu wangu akazunguka kama pia. Nikafyatua risasi mfululizo bila kuacha, angalau zitue kwa mtu. Zikatua. Nilimuua Arin.

Tukatolewa. Abu Ratib, aliyesimama nyuma yetu na mfuko wa mbegu za maboga, akafunika macho. Mimi nikatazama mbele. Nikangoja.

Arin alicheka mpaka akavua hedifoni. Alicheka mpaka machozi. Akaniegemea begani akiendelea kucheka, na kicheko kilipokwisha hakuondoa kichwa. Nasi tulikaa hivyo. Wenzake wakaenda kula shawarma, Muin akazima kioo chetu, tukakaa.

Bega limekufa ganzi. Sikulisogeza.

Jumatatu, 13 Januari

Ameondoka jana. Uwanja wa ndege tulikwenda sote, mimi na Abu Ratib kiti cha nyuma, Arin katikati yetu. Mlangoni Arin alimbusu kila mmoja kichwani, kisha akanipa kipanya chake mwenyewe. Kitufe kimefunikwa na plasta ya jeraha. Abu Ratib ndiye aliyeikata, kwa mkasi wake wa dukani, kingo zimenyooka kama rula. Arin akasema kila kitu kimeshapangwa vizuri, zambarau imo ndani, nisiguse, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri tutacheza pamoja, yeye huko na mimi hapa. Nikamwapia.

Wakati wa kurudi tukaipita Jarash. Abu Ratib akaniuliza kama huko Ujerumani kuna baridi sana. Nikamwambia nimewahi kulala ndani ya lori kwenye theluji, mtu hafi. Akanipa nusu ya mbegu zake.

Leo asubuhi plasta imetoka yenyewe. Karibu yenyewe. Nilitumia kisu cha jibini. Taa sasa ni ya kijani. Naiona kijani ina nguvu zaidi, na mpaka Ijumaa mkono utakuwa umeshazoea, au nitajaribu ya manjano.

Asiyeamini haya amuulize Muin wa kafe. Au Hajji Abu Saqri, akifungua mlango. Au amwendee Abu Ratib mwenyewe, ambaye hajui kusema uongo. Atakumiminia kahawa. Tafadhali inywe kwanza, ndipo uulize.