Msimamizi wa Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Meneja ametangaza kikaoni: kompyuta zote za ofisi zinahamia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Ni ya bure, na hata zile kongwe zitaiweza. Atakayeielewa kwanza atakuwa msimamizi wa kompyuta na kupewa chumba chenye dirisha. Mimi karani wa barua, miaka tisa nimekaa jirani na choo! Nikasema naijua tangu zamani. Ulimi hauna mfupa. Bi Mapokezi, anayepokea wageni, akasema yeye hajui kitu ila atajifunza. Maskini. Kaenda kununua daftari.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe kuna kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Hakuna picha za kubonyeza. Unaandika "ls", kinakuonyesha mafaili yaliyopo. Nimeiandika mara kumi na mbili Meneja akipita. Akaguna kwa heshima!
Kisha nikataka kuweka programu. Kikaomba nywila. Naandika, hakitokei kitu. Hata nukta! Kibodi imekufa. Bi Mapokezi alipokwenda kula, nikachukua yake. Nayo imekufa. Nikachukua ya Meneja. Imekufa! Tatu kwa siku moja? Hapa pana mkono wa mtu.

Jumatano, 5 Machi
Bi Mapokezi amenieleza, mbele ya watu, kwamba nywila haionekani unapoiandika. Unaandika tu, unabonyeza Enter. Halafu akaomba kibodi yake. Meneja naye akaomba yake. Nikasema nilikuwa nazifanyia majaribio.
Mke wangu anashauri nimwombe Bi Mapokezi anifundishe. Mimi? Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa leo: kusafisha kompyuta ya Meneja hadharani. Amri ni "rm -r", inafuta folda nzima. Nikaita ofisi nzima. Mle mna folda mbili: "barua", za wateja wa sasa, na "barua kuukuu". Nikaandika kwa mbwembwe: rm -r barua kuukuu. Enter!
Lo! Ile nafasi katikati. Imesoma majina ya folda mbili. "Kuukuu" haikuiona. "Barua" imeifuta. Haikuniuliza hata kama nina hakika!
Meneja akauliza barua za wateja ziko wapi.
"Zimesafishwa, bosi."
Nikatafuta pipa la taka nizirudishe. Hazimo. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Meneja akakaa chini. Bi Mapokezi akachomeka flashi. Alinakili kila kitu asubuhi, aliposikia nimeita watu.
Cheo chake. Chumba chake.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Mapokezi ameniita chumbani kwake, kaniwekea kiti. "Kaka yangu," akasema taratibu, "kabla hujafuta, nakili kwanza. Na usichokijua, uliza." Sikutegemea upole ule. Machozi yalinilenga. Nikamwapia.
Saa nane dereva wa ofisi akaja na kompyuta ya mkewe, fundi cherehani. Imekuwa nzito mno, na vipimo vya wateja wake wote vimo humo. Nikamwuliza kama kuna nakala. Hakuna.
Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi ya dakika kumi. Nimemtuma akanywe chai.