Koti la Bei ya Mtamba

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Napenda kuweka katika kumbukumbu kwamba leo, saa tano ya asubuhi, mkono wa kushoto wa koti langu umetengana na bega. Haukudondoka. Umeshikiliwa na bitana, na bitana imeshikiliwa na imani.

Wakati haukufaa. Tulikuwa katika kikao cha wazee hapa Golbanti. Mzee Nyale, mwenyekiti wetu, alikuwa ametangaza punde tu kwamba mimi, Zachary Kavumbi, mwandishi wa barua na malalamiko ya umma, nitasimama Alhamisi mbele ya Kamati ya Maji kule Minjila kuomba bomba la kijiji. Alitoa sababu moja. Kavumbi ana koti, na mtu mwenye koti husikilizwa. Ningependa angetaja pia uandishi wangu, lakini sikumkatiza. Niliinua mkono kushukuru. Hapo ndipo mshono ulipoachia, kwa sauti ya hema linalopasuka.

Mwaringa alisikia. Mwaringa ana hoteli ya chai kando ya barabara kuu, ndiye msaidizi wangu katika ujumbe huu, na hanipendi. Hununua suti ya mtumba kila mwezi. Mwezi ukiisha, suti nayo imekwisha. Aliuliza kwa upole kama msemaji anaumwa bega. Akaongeza kwamba msemaji akizidiwa, yeye yuko tayari. Akisema yeye, najua bomba litawekwa wapi: mlangoni pa hoteli yake, mwendo wa saa nzima kutoka kwa wanawake wanaolihitaji.

Suala si dogo. Mwezi wa Agosti mamba alimpokonya mke wangu ndoo pale mtoni. Ndoo tu. Mama Linda mwenyewe husimulia hivyo: ndoo tu. Husema haraka, kisha hutafuta kazi ya kushika mikononi. Kesho yake alirudi palepale na ndoo nyingine, maana hakuna pengine pa kuteka.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: koti hili ni la sufu nzito. Nililinunua Mombasa mwaka 2013 kwa bei ya mtamba mmoja wa ng'ombe. Kanuni yangu haijabadilika. Nunua kitu kimoja, ghali na imara, ukivae hadi kikuombe ruhusa ya kustaafu. Koti langu halijaomba. Limekohoa tu.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Nimekwenda Garsen kwa fundi Abduba, ambaye hushona sare za shule na kanzu, na husema ukweli bila kuombwa. Alilinyanyua koti akaliangalia kwenye mwanga. Alinijulisha kwamba anauona msikiti kupitia mgongoni. Nilimweleza kuwa kazi ni ya bega tu. Alinijibu kuwa bega halina shida, shida ni kwamba hakuna kitambaa cha kulishonea bega. "Sindano inataka mahali ya kushika, Bwana Kavumbi. Hapa inashika hewa."

Kisha akafanya hesabu ambayo hunifanyia kila tunapoonana. "Ile mtamba yako ingekuwa imezaa mara nane sasa. Hii koti imezaa nini?"

Nilimjibu kwamba limezaa heshima. Aliniuliza kama heshima inakamuliwa asubuhi au jioni. Wateja wake wawili walicheka. Niliwaaga kwa ufasaha na kuondoka.

Njiani nikapata wazo. Bora! Gundi ya viatu. Kama inashikilia soli ya mtu anayekanyaga matope ya delta, itashindwaje na mkono wa koti la mtu anayesimama wima? Nilinunua kikopo, nikalivaa koti ili bega likae mahali pake halisi, nikapaka kwa ukarimu.

Matokeo ni haya. Mkono wa koti umeshikana na bega la koti. Koti limeshikana na shati. Shati limeshikana nami, upande wa kwapani, mahali ambapo maumbile yameniotesha nywele.

Mama Linda alitumia mafuta ya kupikia, kisu butu na maneno machache. Aliuliza kwa nini nisivae shati jeupe la Linda, yaani lile alilonitumia binti yetu kwa siku yangu ya kuzaliwa. Jepesi, la bei nafuu, linakauka kwa dakika kumi. Nilimweleza kwamba kamati haiwezi kuombwa bomba na mtu aliyevaa kitu kinachokauka kwa dakika kumi. Akavuta. Nilipiga ukelele usio rasmi.

Bega limetoka pamoja na gundi. Mkono sasa uko peke yake, kitini.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Siku njema. Nimepumua.

Pale Garsen yuko Kassim, mpiga picha za vitambulisho na za fomu. Ukutani kwake kuna msumari, na kwenye msumari kuna koti la bluu iliyokolea, ukosi umesimama, vifungo vinne vya shaba. Kila mtu asiye na koti huvaa hilo anapopigwa picha ya pasi au ya chuo. Nimelitazama miaka yote hiyo kwa dharau ya mtu mwenye koti lake. Leo nimelitazama kwa unyenyekevu.

Niliwasilisha ombi langu kwa mdomo, katika sehemu tatu. Kassim aliniomba nianze na ya tatu. Tulikubaliana hivi: yeye ananiazima koti hadi Ijumaa, mimi namwandikia barua kali kwa jirani ambaye mbuzi wake wamekula pazia la Kassim lenye picha ya maporomoko ya maji, lile ambalo watu husimama mbele yake. Barua niliiandika palepale. Neno "ilhali" limetokea mara nne.

Alikuwa na mteja dirishani, hivyo alilikunja koti haraka haraka akalitia katika mfuko. Aliniambia jambo moja tu: "Mzee, ukilivaa hili usimpe mtu mgongo." Nilimhakikishia kwamba sijawahi kumpa mtu mgongo katika maisha yangu ya utumishi. Kijana huyu ana adabu.

Mwaringa nilikutana naye njiani. Ana suti mpya, rangi ya maziwa, kifuani nembo ya hoteli fulani ya nchi baridi. Aliuliza habari za bega. Nilimwambia bega limepona. Uso wake ulinifurahisha hadi nyumbani.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Nilifungua mfuko saa mbili asubuhi, pikipiki ikiwa tayari imekuja kunichukua.

Koti la Kassim halina mgongo.

Naandika tena, maana nilitazama mara mbili mimi mwenyewe. Lina kifua. Lina mikono. Lina ukosi. Nyuma, mahali ambapo Mkristo yeyote angetarajia kitambaa, kuna kamba nne za kufungia, kama za aproni ya mpishi. Kamera huona mbele tu. Kassim alilikata ili limwenee mnene na mwembamba, na ili mtu asizirai kwa joto akisubiri picha. Ni busara ya kibiashara. Sikuipenda.

Mama Linda alifunga kamba bila kusema neno. Halafu akasema neno: shati jeupe. Nilikataa. Kamba zingeonekana zaidi juu ya jeupe. Nilibaki na fulana, ambayo nayo imenitumikia kwa uaminifu tangu mwaka 2016, na ina matundu yanayolingana na muda huo.

Niliingia ukumbini Minjila kwa ubavu, mgongo ukutani, kama kaa. Mzee Nyale aliuliza kama sakafu ina utelezi. Nilikaa. Nikaegemea kiti. Upepo wa dirishani ukanipiga mgongoni. Nakiri kwamba katika miaka kumi na miwili sijawahi kuhudhuria kikao bila kutiririka jasho hadi kwenye soksi. Nilistarehe. Nilijishuku.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja, Bi Barwako, mwenye miwani na kalamu isiyotulia. Jina langu likaitwa. Nikasogea mbele, nikaikabili kamati na kuanza: "Kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kikomo."

Kosa langu lilikuwa la kijiografia. Anayeikabili kamati huipa hadhara mgongo. Na katika hadhara ile walikaa wanawake arobaini wa Golbanti.

Kicheko kilianzia safu ya tatu. Niliendelea kusoma. Nilipofika "ilhali" ya pili niliinama kama inavyotakiwa, kamba ya chini ikafunguka, na ukumbi ukapoteza nidhamu. Nilimsikia Mwaringa akisema, kwa sauti ya kunong'ona inayofika mbali, kwamba msemaji amekuja nusu, nusu nyingine imebaki Golbanti. Kisha akasimama na kusema yuko tayari kuendelea.

Sikuweza kugeuka. Sikuweza kusoma. Nilifikiria ndoo.

Ndipo nilipohisi kitambaa mabegani. Mama Linda alikuwa amevua leso yake ya pili na kunifunika. Hakurudi kukaa. Alisimama kando yangu na kuiambia kamati kwamba Agosti alikuwa ameinama mtoni, mamba akavuta ndoo, na yeye hakuiachia upesi, kwa sababu ilikuwa ndoo mpya. Alisema amefikiria sana zile hatua tatu alizovutwa. Alisema huwaambia watu ni ndoo tu. Hakusema zaidi.

Hatua tatu. Mimi sikuwa nazijua.

Bi Barwako aliweka kalamu chini. Alimuuliza Mama Linda ni sehemu gani ya mto, naye akaonyesha kwa mkono, upande wa juu wa kanisa la zamani, penye mteremko. Bi Barwako akaitikia kwa kichwa, anapafahamu. Halafu akanigeukia, akanitazama kifungo kwa kifungo, akauliza kama hilo si koti la Kassim. Nilitafuta jibu lenye heshima. Alisema asihangaike mtu, analijua koti hilo kama rafiki yake. Kifungo cha pili si cha shaba, ni cha plastiki kilichopakwa rangi. Picha yake ya kujiunga na chuo alipigwa akiwa ndani ya koti hilohilo, na mama yake ndiye aliyemfunga kamba. Akauliza nani mwingine amewahi kulivaa. Nusu ya ukumbi waliinua mikono. Mjumbe mmoja wa kamati aliinua wake, akaushusha.

Walicheka upya, lakini kicheko hiki hakikunihusu peke yangu. Ni tofauti kubwa. Mtu akiwa ndani yake huisikia.

Bi Barwako alimwuliza Mwaringa kama ana nyongeza. Mwaringa alipendekeza bomba liwekwe barabarani, karibu na hoteli, kwa manufaa ya wasafiri. Bibi mmoja nyuma aliuliza kama mamba naye huja hotelini kunywa chai. Mwaringa aliketi. Suti yake ilichanika matakoni. Nilisikia vizuri kabisa, nina uzoefu na mlio huo.

Uamuzi: mfereji mmoja wa bomba, upande wa juu wa kijiji, karibu na nyumba, kabla ya mvua ndefu. Imeandikwa. Nimeisoma ikiandikwa.

Ni dhahiri kwamba aya yangu ya kwanza iliwagusa.

Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Nililala usingizi wa mtoto. Nimerudisha koti la Kassim, limefuliwa. Aliomba barua nyingine. Mbuzi wamejibu kwa kula kiti.

Niliporudi, koti langu halikuwapo kitini. Nilimkuta Mama Linda ameketi na mkasi na vipande vya sufu. Alikuwa anasokota ngata, zile pete za kuweka kichwani chini ya ndoo. Alikuwa amemaliza sita na kugawa nne. Alisema hajapata kushika kitambaa kinachotulia kichwani kama hiki, na kwamba Baba Linda alinunua kitu kizuri, ila alikivaa mahali pasipofaa.

Nilikaa kando yake, nikamwuliza kuhusu zile hatua tatu. Alinieleza zote. Nilishika mkasi wakati akieleza.

Nimetafakari na kufikia hitimisho. Koti langu halijachakaa. Limehamishwa idara. Kanuni imethibitika.

Jumamosi, 7 Februari 2026

Mfereji umefunguliwa. Mama Linda aliondoka na ndoo nilipoanza kuandika sentensi hii, na amekwisha kurudi. Nimeiacha sentensi kama ilivyo, iwe ushahidi. Yuko jikoni, anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia sauti hiyo asubuhi.

Katika sherehe, wanawake saba walisimama foleni na ngata za sufu kichwani. Mzee Nyale alinishukuru hadharani. Shati jeupe la Linda nilimpa Mwaringa, kwa ukarimu wa mshindi. Kwa masikitiko naeleza kwamba linampendeza, na hakutoka jasho hata tone.

Mimi nilikuwa nimevaa koti jipya. Limetoka Mombasa Jumatano. Sufu maradufu, bitana ya manyoya, ukosi wa kufunika masikio. Muuzaji alisema huko linakotengenezwa watu hulivaa theluji ikianguka. Bei ni mtamba mwingine, jambo ambalo Mama Linda atajulishwa kwa maandishi. Abduba tayari ameshaanza kuhesabu ndama. Nilimaliza hotuba yangu nikiwa nimekaa, kichwa kikiwa chini ya mfereji kwa ushauri wa muuguzi, lakini koti halikupoteza hata uzi mmoja.

Limehakikishiwa miaka thelathini. Mimi nina sitini na mmoja. Nimemwandikia Linda barua rasmi kuhusu miaka ya koti itakayobaki.