Mto wa Bibi Nimeugundua Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Chama chetu cha Watembezi kimetangaza kuwa Jumamosi kitachagua kiongozi mpya. Yule wa zamani magoti yamemgomea. Wagombea ni wawili: mimi na Fimbo Mbili, mfamasia mstaafu anayetembea na fimbo mkono huu na fimbo mkono ule kana kwamba Mungu alimnyima miguu ya mbele. Kila mmoja atawaongoza watu mashambani awaonyeshe kitu cha kale wasichokijua. Halafu kura. Yeye Jumatano, mimi Jumamosi yenyewe.

Lazima nishinde. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi: tangu nistaafu kazi ya kusoma mita za maji, hakuna mtu anayenisubiri popote. Zamani hata mbwa walinijua kwa hatua. Siku hizi nikichelewa kurudi, mke wangu hushukuru kwamba nyumba imetulia. Inaniuma, basi tu. Kiongozi wa matembezi husubiriwa. Watu husimama njia panda wakiulizana kiongozi yuko wapi. Na mimi nataka kuulizwa.

Filimbi nimeshanunua. Mke wangu ameomba nisiipulize sebuleni.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Fimbo Mbili. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba kwenye tanuri kuukuu la chokaa, kule nyuma ya makaburi. Nimejibanza kichakani. Kichaka kizuri sana, majani mengi, maganda yana manyoya laini.

Upupu! Jamani, upupu!

Nimetoka mbio nikijikuna panapokunika na pasipokunika mbele za watu. Fimbo Mbili amenisalimu kwa heshima zote, akauliza hiyo ngoma inaitwaje. Kisha akanishauri nijipake majivu. Nimemwambia sihitaji majivu ya mpinzani.

Jioni nimejipaka majivu.

Jumatano, 5 Juni

Matembezi ya Fimbo Mbili. Nilikwenda nikiomba yamwendee kombo. Wapi! Amewaeleza watu jinsi mawe yalivyochomwa tanurini, jinsi chokaa ilivyobebwa vichwani, na kwa nini kuta za nyumba za kale zote za hapa zina weupe uleule. Watu wakaguna kwa raha. Hata Msusi, ambaye kwa kazi yake ameshasikia kila kitu duniani, aliguna. Nikauliza swali gumu, la kumkomoa: moto wa mwisho ulizimwa na nani? Analo jibu! Na jina la aliyeuzima! Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Lakini njiani kurudi, Muuza Mboga akaropoka kwamba shamba lake liko upande wa Mto wa Bibi. Nikasimama ghafla, watu wakanirundikia mgongoni. Mto? Huku hakuna mto! Nimepita na mita zangu eneo zima, najua kila bomba na kila linapovuja. Maana yake ni moja tu. Mto ulikuwepo, ukakauka, ukasahauliwa. Mto uliopotea! Tanuri ni kitu gani mbele ya mto? Fimbo Mbili kwisha habari yake.

Alhamisi, 6 Juni

Bahati ikikupenda! Mama mkwe wangu, anayekaa nasi, alikulia pande zile zile. Nimemwandalia chai mwenyewe. Akaitazama, akaitazama na mimi, akauliza nimevunja nini.

Nikamuuliza, kwa adabu, kama anaukumbuka Mto wa Bibi. Uso ukamchanua. Anaukumbuka sana! Amesema wakitoka shambani jua kali, wasichana walikuwa wakiukimbilia. Amesema ulikuwa wa baridi, raha tupu. Nikauliza kama ulikuwa mkubwa. Akasema wa wastani, watu wawili hawaenei. Nikaelewa: mtumbwi mmoja mmoja. Akaongeza kwamba ulikuwa mgumu, lakini ukishauzoea, basi. Nikaelewa: mkondo mkali, wenyeji tu ndio waliouweza. Amesema yeye mwenyewe ameulalia mara nyingi. Ukingoni, bila shaka.

Nimemwomba awe shahidi wangu Jumamosi. Amekubali papo hapo, ila abebewe kiti. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, ameniuliza kama nina hakika tumeelewana. Nimemwambia mambo ya maji aniachie mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata bonde. Liko chini ya kilima, nyuma ya shamba la Muuza Mboga. Limejikunja vizuri kabisa, mto mtupu. Kasoro moja: hakuna dalili hata ndogo ya mto. Mawe ya mtoni ni ya duara, laini, na hapa hakuna. Nimemlilia hali Fundi Mwashi anayejenga jirani. Amenipa toroli la kokoto. Nikalisukuma mwenyewe, mgongo ukilalamika, upupu nao ukinikumbusha habari zake. Nimemwaga kokoto bondeni na kuzitawanya kihistoria. Nimeongeza maganda ya konokono kutoka bustanini. Mke wangu ameniona nikiokota konokono, hakuuliza kitu. Siku hizi haulizi.

Haikuwa uongo. Nimeisaidia tu historia ijieleze.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka, kabla aibu haijapoa.

Watu walikuja wengi. Nimepuliza filimbi, nimewashusha bondeni, nimenyoosha mkono. Nikawaambia wamesimama katikati ya Mto wa Bibi, mto uliopotea! Nikaeleza mitumbwi, wafanyabiashara, mamba. Mamba walikuja wenyewe mdomoni, sikuwapanga. Msusi akaguna! Nilimsikia kwa masikio yangu! Kwa kitambo kidogo, jamani, nilikuwa mtu.

Fimbo Mbili akainama, akaokota kokoto. Ilikuwa na saruji. Akaigeuza, akairudisha chini polepole. Afadhali angesema.

Nikamwita shahidi. Mama mkwe akainuka kitini, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaniuliza mbele ya umati, mwanangu, mbona umetuleta huku? Mto uko kule juu kilimani.

Watu wakanitazama. Nikasema ndiyo, bila shaka, chemchemi ya mto huwa juu! Nikapuliza filimbi, tukapanda. Kiti nimekibeba mimi. Kileleni hakuna maji, hakuna tope, kuna jiwe moja refu, bapa, lenye kishimo katikati. Mama mkwe akalipangusa vumbi kwa ncha ya khanga. Akalala chali kwenye majani, akaweka kichwa kwenye kishimo, akafumba macho. Akasema ni uleule, bado wa baridi, bado mgumu, ila ukishauzoea, basi. Akaeleza kwamba bibi mmoja wa zamani alikuwa akipumzika hapo kila akitoka shambani, ndipo watu wakauita mto wake.

Mto! Wa kulalia! Wa kitandani!

Halafu Muuza Mboga akapasuka. Kilima kizima kikapasuka. Fimbo Mbili alicheka mpaka fimbo zote mbili zikamtoka. Mke wangu alikuwa ameshika mbavu, akinionyesha kwa kidole, hawezi hata kusema. Na mitumbwi, Msusi akauliza, ilipita kwenye foronya?

Wakapanga foleni, kila mtu alaze kichwa. Mama mkwe akiwa amekaa kitini akawasimulia nani aliposwa jiwe lile likishuhudia, nani alilala hapo mbuzi wakala mahindi ya watu. Jua likaenda, hakuna aliyetaka kushuka.

Kura zikapigwa palepale. Msusi akapaza sauti: nani anamtaka Mama? Mikono yote juu. Na wangu pia. Nilikuwa najikuna shingo, lakini wamenihesabu.

Kwa hiyo kiongozi ni mama mkwe wangu. Amepokea uongozi kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akiutarajia. Kisha akatangaza kwamba mkwewe ndiye mpuliza filimbi na mbeba kiti, na kwamba bila mimi hatoki nyumbani, wote watasubiri. Wakapiga makofi. Fimbo Mbili akanipa mkono, akaniomba nifike mapema.

Sikulia. Ni vumbi la kilimani.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimetambua kosa langu lote: kokoto zilikuwa na saruji.

Mama mkwe amesema matembezi yajayo ni kwenye Kilima cha Paa. Alitaka kunieleza habari zake, nimemwambia asijisumbue. Paa! Paa la nini, huko porini, kama si la jumba? Jumba la kifalme lililozama ardhini, likabaki paa! Safari hii sitasubiri shahidi. Jirani anabomoa banda lake, nimeshamwomba vigae, na nimevikagua kimoja kimoja. Havina saruji.

Mke wangu ameniona nikivipanga kwenye toroli. Ameuliza, paa yupi?

Nimemsahihisha sarufi. Paa lipi.