Pakiti Saba za Marvelle

Marvelle Stuckey hakwenda pale kutapeli mtu. Alikwenda kutafuta kikaango. Nje kidogo ya mji wa Fort Wayne, watoto wa marehemu mmoja aliyekuwa na duka la vyakula walikuwa wamemwaga vitu vya baba yao uani, wanauza kwa bei ya kutupa. Marvelle, mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye uso wa mwimba kwaya, alikuwa akipekua vyombo alipokuta bahasha yenye karatasi saba za nta. Yalikuwa maganda ya pakiti za kadi za besiboli za mwaka 1954, zile kadi zenye picha za wachezaji zilizouzwa pamoja na chingamu, matupu, safi kabisa.

Akasahau kikaango. Kwa wakusanyaji wa kadi, pakiti ya miaka ile ambayo haijafunguliwa huuzwa dola elfu nne, na raha yake ni kwamba anayeinunua hathubutu kuifungua, maana akiifungua tu thamani imeyeyuka. Yaani ni bidhaa ambayo mnunuzi mwenyewe anamtunzia tapeli siri. Biashara gani nyingine ina heshima kama hiyo?

Maganda aliyachukua kwa dola mbili. Kwa dola kumi akaongeza boksi la viatu lililojaa kadi kuukuu za mwaka uleule, za wachezaji ambao hata mama zao walishawasahau. Nyumbani akazipanga tano tano bila kuziangalia, akatia kipande cha chingamu alichokikausha kwenye oveni mpaka kikawa kigumu kama kigae, akakunja ganda, akapitisha pasi ya uvuguvugu. Pakiti saba, utadhani zimetoka kiwandani.

Jumamosi akaingia kwenye maonyesho ya kadi, ukumbini mwa hoteli moja kando ya barabara kuu, amevaa sweta iliyochakaa viwiko. Alikwenda moja kwa moja kwa Renner Gaskill, daktari wa meno aliyejulikana jimbo zima kwa kununua kadi za wajane kwa bei chee. Akamwonyesha pakiti tatu. Nne alizibakiza mkobani, kwa sababu kitu adimu hakitolewi kwa fungu.

"Samahani daktari. Hizi zina kazi, au nizitupe? Zilikuwa dukani kwa baba."

Gaskill alizigeuza kwa ncha za vidole. "Aa, mama yangu, watu wanataka kadi, hawataki karatasi. Humu ndani pengine kumeshaoza."

"Basi ngoja nikazitupe."

"Usitupe!" Sauti ilimponyoka, akaikamata. "Nakuonea huruma tu. Mia tatu, zote."

"Daktari, paa langu linavuja."

"Mia sita."

Marvelle akatoa chozi moja, la jicho la kushoto, lile lenye uzoefu. Walipofika elfu tatu, Gaskill alihesabu noti haraka haraka kama mtu anayemwibia kipofu, na kwa roho yake ndivyo alivyoamini.

Angetoka wakati ule, ingekuwa siku njema. Lakini alitaka kuonja ushindi wake kidogo, akasimama mlangoni. Gaskill naye hakuweza kujizuia.

"Tatu kwa bei isiyofika ya moja!" akawatangazia wenzake. "Moja ya kuchezea ninayo!"

"Huna ubavu wa kuifungua," akamchokoza Denny Koontz, muuza gesi ya kupikia mwenye mapenzi makubwa na kadi.

"Mimi? Tazama!"

Akaichana. Kadi ya kwanza, kicheko. Ya pili, ya tatu, ya nne, kicheko zaidi. Ya tano, mzee Orville Pletcher, ambaye kazi yake ni kukagua kadi na kuzipa alama, moja hadi kumi, aliinyakua, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia.

"Walt Dubicki mwenye kofia ya kijani," alinong'ona. "Kiwandani walikosea rangi, wakasimamisha mashine baada ya saa moja, zikatoka chache tu. Pembe ziko kali, picha imekaa katikati. Hii naipa nane. Mnadani haishuki chini ya elfu sitini."

Marvelle aliyasikia yote kule mlangoni. Elfu sitini, na kadi ile aliifunga kwa mikono yake mwenyewe! Akapasua watu kwa viwiko.

"Daktari, chukua hela zako! Hiyo pakiti ni feki. Nimeifunga mimi, kwa pasi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mama, jikaze," Gaskill alisema, akiipapasa kadi. "Tumeshauziana."

"Nasema kweli! Chingamu nimeikausha kwenye oveni!"

Orville alilinusa ganda, akalipitishia kidole. "Miaka thelathini niko kwenye kazi hii, mama. Ganda ni halisi."

Miaka hamsini na nane, na siku moja aliyosema ukweli mbele za watu, ndiyo hakupata hata mmoja wa kumwamini. Denny alimshika mkono kwa upole. "Yamepita, mama. Hivi, huna nyingine? Mimi na wenzangu tunatoa elfu tatu kwa kila moja."

Mkobani zilikuwamo nne. Elfu kumi na mbili, taslimu, na safari ya kurudi nyumbani akiimba. Marvelle alifungua mkoba. Akaziona zimelala pale, zimenyooka, zimefungwa vizuri. Alizijaza bila kuziangalia. Akaufunga mkoba.

"Haziuzwi," alisema, akatoka karibu anakimbia.

Denny alikwenda benki ya jirani, akarudi na bahasha nene, akamkuta ndani ya gari lake kwenye maegesho. Akagonga kioo. Marvelle alikishusha. Mapajani mwake kulikuwa na maganda yaliyochanika na kadi ishirini.

"Umezifungua?"

"Nimezifungua."

"Zote?"

Marvelle alimpa kadi. Denny alizipitia taratibu, moja moja, hadi ya mwisho, akazigonga pembe zikae sawa, akamrudishia.

"Walikuwa wachezaji wazuri hawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, na bahasha yake akaisukumiza ndani kabisa ya mfuko wa koti.