Ombi la Kuipandisha Barabara Kilimani

Kwa Bwana Mkubwa wa Barabara,

Jogoo wetu yuko chunguni na askari wawili wamekaa uani wanangoja aive, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Ni jogoo mzee, nafasi ni kubwa. Shikamoo Bwana. Mimi ni Daimu wa kijiji cha Bondeni, chini ya milima ya Matogoro, pale barabara yako ya kwenda Namtumbo na Tunduru inapopita katikati ya nyumba zetu. Shule nilisoma masika moja tu, kisha mwalimu akahama. Mbele ya watu maneno yananikwama, ndiyo maana naandika. Karatasi hainitazami usoni.

Bwana, silalamikii umaskini. Umaskini tunao na tumeuzoea. Nalalamika kwamba haukugawanywa vizuri. Sisi wa Bondeni tumepewa wote, na wenzetu wa Kilimani, ambao ukinyamaza kidogo unasikia mbuzi wao kutoka hapa, hawakupewa hata wa kuonja. Naomba barabara ipandishwe kilimani, nao wapate. Sababu zangu ni hizi.

1. Kuku. Kila anayepita barabarani ana njaa. Askari anayekwenda Songea ana njaa, anayetoka Songea ana njaa zaidi, na karani aliyekuja kuhesabu nyumba alihesabu na kuku, kisha akawapunguza ili hesabu yake iwe rahisi. Tukaanza kuwafunga majogoo midomo kwa kamba ya mgomba wasiwike msafara ukipita. Wakanyamaza kweli. Lakini jogoo asipowika hakuna anayeamka. Sasa kijiji kizima tunachelewa kuamka, na msimamizi wako alipokuja kutuita tufagie barabara alitukuta tumelala, akasema watu wa Bondeni ni maskini kwa sababu ya uvivu. Bwana, si uvivu, ni jogoo.

2. Pombe. Kwetu shamba halilimwi na mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anaita majirani, wanalima asubuhi, mchana wanakunywa, na siku nyingine wanahamia kwa mwingine. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa na majirani. Sasa pombe ikianza kunukia, msafara mzima unageuza pua. Masika iliyopita tulimlimia mzee Tadei shamba lote, tukarudi na kiu yetu, tukakuta wapagazi wamelala kuizunguka mitungi mitupu. Mmoja akafungua jicho akamwambia mzee, "Babu, pombe yako ulituharakishia. Siku nyingine iache ikolee."

Tangu siku hiyo hakuna anayemlimia mwenzake. Kila mtu ana kishamba chake cha kujificha nyuma ya nyumba, na ukimwuliza jirani amepanda nini anakujibu, "Sikumbuki." Kule Kilimani wanapika, wanalima, wanaimba. Jioni nyimbo zao zinashuka mpaka kwetu. Pombe haishuki.

3. Vijiti. Hili ndilo linalouma wazee. Bwana, ulipopita mara ya kwanza na kamba yako ya kupimia njia, vijiti vyako ulivichomeka Kilimani. Mwenyewe ulipapenda. Wazee wetu walidhani barabara inaleta chumvi na nguo, kwamba kila msafara ukipita utadondosha kidogo mbele ya kila nyumba. Wakapanda alfajiri, wakaving'oa, wakavichomeka Bondeni. Watu wa Kilimani waliwaona. Jirani mwema angewazuia. Wao waliwasaidia kubeba. Mzee Bakili, mkubwa wao, ndiye aliyebeba vingi kuliko wote, na aliwaambia wazee wetu, "Chukueni tu ndugu zetu. Sisi huku shida tumezizoea." Naomba serikali iutazame vizuri moyo wa namna hiyo.

4. Hili ni dogo, ila ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Nataka kumwoa Subira, mpwa wa huyo mzee Bakili. Wao ni Wayao waliokuja kutoka upande wa Tunduru, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Subira anashuka kuchota maji kwenye kijito chetu. Nilimtazama kiangazi chote bila kusema kitu, mpaka siku moja yeye akasema, "We Daimu, utanioa au utanitazama tu? Maana mtungi umejaa zamani."

Nikapanda kwa mjomba. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Nilipofika uani nikakuta ukoo mzima umekaa, maneno yakanitoroka, likabaki moja tu. Nikasema nataka Subira ashuke Bondeni. Mzee Bakili akawageukia watu wake, "Mmemsikia? Anataka mtoto wetu akakae na watu wanaofunga jogoo mdomo." Wakacheka mpaka mmoja wao akashika nguzo ya nyumba. Na mimi nilicheka kidogo, kwa adabu. Kisha mzee akaniambia, "Subira hashuki huko. Nenda ukafikiri."

Nimekwenda, nimefikiri, nimefika kwako. Naona hivi: barabara ikipita Kilimani, kuku wao watakwisha, pombe yao itakwisha, na wao watajifunza kufunga jogoo. Hapo tutakuwa sawa. Hakuna atakayemcheka mwenzake, na Subira atashuka bila kuona kwamba ameshuka.

Najua Bwana atasema barabara ni kazi kubwa kuihamisha. Lakini barabara ni udongo, na udongo unabebeka. Watu wa hapa walikwisha kumbebea mzungu mmoja beseni la kuogea kutoka Kilwa, na siku ya mwisho lilikuwa na mwenyewe ndani. Sisi tutaizoa huku, wao wataimwaga kule. Ikishindikana, iwe ya zamu, masika ikae kwetu, kiangazi ikae kwao. Zamu ikishindikana, basi kilima kishushwe, watu wote wakae usawa mmoja, na udongo utakaobaki tutaujazia mashimo ya barabara yako. Na hayo yote yakishindikana, serikali iwaamuru watu wa Kilimani wafunge majogoo wao midomo hivyo hivyo, kwa ajili ya umoja tu.

Umoja utarudi, Bwana. Mtu ambaye hana kitu hamfichi jirani yake kitu. Tutatembeleana tena, tutakaa pamoja, tutaulizana habari za mashamba, na sote tutakuwa hatukumbuki.

Nakusalimu sana, nawasalimu wa nyumbani kwako, msimamizi, yule mpishi wako, mbwa wako wote wawili, na askari hawa walioko uani, ambao ni watu wapole na wanamsifu mama yangu kwa mapishi. Nimemaliza kwa heshima na magoti chini.

Ni mimi,
Daimu wa Bondeni

Nyongeza. Bwana, tafadhali usiihamishe barabara.

Sasa hivi amekuja Iddi, kaka yake Subira. Amepita nyuma ya migomba askari wasimwone. Ameniuliza, "Shemeji, mbona ulipotea? Mjomba anakungoja mpaka amechoka."

Nikamwambia mjomba wake alinikataa.

"Alikataa Subira kushuka. Kwetu mwanamke hashuki. Mwanamume ndiye anayepanda, anajenga kwa mama mkwe wake, analima huko huko. Nani asiyejua?"

Mimi nilikuwa sijui. Sisi Wangoni mke ndiye anayehamia kwa mume, nikadhani dunia yote ni hivyo. Mzee Bakili aliponiambia nikafikiri, alitaka nifikirie kupanda. Iddi anasema nguzo za nyumba yangu wamekwisha kunikatia, na kesho ni siku ya kulima shamba la mama mkwe. Pombe inachujwa.

Kwa hiyo Bwana, nimekitazama tena kile kilima. Ni kibaya sana kwa barabara. Kina mawe, kina miiba, mvua ikinyesha kinateleza, na watu wake si wazoefu wa wageni. Hata lile la majogoo kufungwa midomo, usiwasumbue. Barabara ikae Bondeni ilipo. Watu wa Bondeni wameizoea, na kumnyang'anya mtu kitu alichokizoea si haki. Karatasi niliyokuwa nayo ni hii moja, ndiyo maana sikuichana. Mama atawapa askari hawa hawa wakuletee, na ninakuomba uisome kuanzia hapa.

Nilimwambia mama tupande wote. Alikuwa anakoroga ugali, hakuinua macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Askari wakikuta nyumba hii haina moshi watatafuta moshi mwingine, na ule wa Kilimani unaonekana kutoka mbali. Nenda mwanangu. Mimi nitakaa niwashe moto."

Nikamsogezea kuni. Wewe Bwana sikuandikii kitu juu ya hilo, maana sijui liingie namba ngapi.

Lazima niondoke sasa. Askari wameanza kunyonya mifupa, na askari akishiba anatafuta mtu wa kumbebea mzigo mpaka Namtumbo. Barabarani anachukuliwa yeyote mwenye mabega. Kilimani hawapandi, wanakuwa wameshiba mno. Iddi ananivuta shati, na mama anawaongezea ugali wasinyanyuke upesi.