Kabati la Ukutani la Watawa

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi ametangaza: Ijumaa atateua kiongozi wa waongoza wageni hapa makumbusho. Tupo wawili tu. Mimi, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayejua tarehe zote za jengo hili tangu lilipokuwa nyumba ya watawa. Tarehe hazimsisimui mtu. Mimi nina kitu bora: kabati la mviringo katika ukuta wa ukumbi wa chakula. Linazunguka. Ukilisukuma, mlango wake unahama kutoka ukumbini hadi barabarani. La nini? Limenikaa kichwani siku nzima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza shemeji, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akasema watawa walipokelea humo mayai na unga bila kuonekana na watu wa nje. Mayai, eti. Nimewaambia wageni kwamba watawa walitorokea humo. Wote wakasogea karibu. Mzee mmoja akauliza mtu mzima angeenea vipi. Nikamwambia aje kesho aone.

Jumatano, 5 Machi
Nilijaribu kabla mzee hajafika. Kuenea, nimeenea. Kabati likagoma katikati. Magoti kidevuni, mbele yangu ukuta mtupu. Nikamsikia shemeji akiingia na wageni, yule mzee akiwemo. Akawaeleza, kwa upole wake unaoniudhi, kwamba leo limebeba kilicho kikubwa kidogo kuliko yai. Seremala amenitoa kwa sabuni. Mke wangu amesema kiherehere kitaniponza. Kisha akauliza humo ndani kukoje.

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja bibi mtawa, mmoja wa watawa wa mwisho kuishi hapa. Akalipapasa kabati, akakuta utelezi wa sabuni, akauliza nani alikwama. Nikainua mkono. Akaninong'oneza kuwa naye alikwama humo, akiwa binti aliyeingia utawa karibuni. Alisikia arusi ikipita, akataka kumwona bibi arusi. Nikamuuliza kama alimwona.
“Viatu tu, mwanangu. Vyekundu.”
Tukacheka mpaka akaegemea ukuta.

Ijumaa, 7 Machi
Kiongozi ni shemeji. Mkurugenzi amenisifu kwa bidii, sifa wanayopewa walioshindwa. Nikampa shemeji mkono, roho inaniuma. Chai ya pongezi sikunywa. Nilikuwa mnarani, penye kengele. Kuna tundu kwenye sakafu, na upepo wa baridi unapanda kutoka chini. Unatoka wapi? Kichwa kinapita. Mabega nayo yatapita, nikivua shati.