Barnaby ni Mmoja tu Duniani

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua. Nitakuwa mamba.

Si yule wa bwawa la nyuma ya nyumba, anayekula bata wa majirani. Mamba Barnaby! Mwenye kofia nyekundu na meno ya sponji, bwana mkubwa wa Bustani ya Barnaby, ambayo fataki zake hutikisa vioo vyetu kila jioni. Kila mwaka wanachukua wanafunzi wachache wa vyuo kwa mafunzo kazini. Waombaji ni maelfu. Ukimaliza vizuri unaajiriwa moja kwa moja, na familia yako inaingia bure.

Otis wangu ana miaka mitatu na hajawahi kukanyaga humo. Husimama juu ya kiti jikoni, akaona ncha ya lile gurudumu kubwa juu ya misonobari, akalipungia mkono. Gurudumu halijawahi kumjibu. Nimemwahidi kwamba mwaka huu atalipanda. Basi lazima nipate.

Sharti moja tu: uwe mwanafunzi wa chuo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo! Tangu Ijumaa. Kozi pekee iliyobaki na nafasi ilikuwa ya kuchomelea vyuma. Mume wangu Wendell, fundi wa viyoyozi, akauliza nitachomelea nini. Nikamwambia maisha yetu. Akasema haya mpenzi, akaendelea na wali wake.

Adui ninaye mmoja: wifi yangu Kensley. Yuko chuo kikuu, anasomea kuwapokea wageni. Miaka minne ya kujifunza kusema karibu! Naye ameomba. Mama mkwe, Bi. Verna, akasema kwa ule upole wake kwamba ni vizuri na mimi nijaribu, maana hata kushindwa ni mazoezi.

Asante, mama. Nimebarikiwa.

Jumanne, 4 Februari

Maswali ya kwenye mtandao. Marahisi mno. Je, huwa unachoka? Kamwe. Je, kelele za watoto hukuudhi? Ni muziki kwangu. Nilikuwa najibu hilo huku Otis akimimina asali ndani ya kiatu changu na kuniimbia. Je, umewahi kusema uongo? Sijawahi.

Nimepita!

Nikampigia Kensley nimpe pole mapema. Naye kapita. Akaniambia, wifi, hiyo hatua ya kwanza hata kuku wangepita. Mashine yao ina kasoro, nadhani.

Alhamisi, 6 Februari

Mahojiano ya video na Bi. Loretta, mkuu wa usaili. Mama wa makamo, nywele nyeupe, macho ya mwalimu aliyekwisha kukukamata.

Kensley aliwahi kusema siri ni kutabasamu bila kupumzika. Nikatabasamu tangu salamu. Ilipofika nusu, shavu la kushoto likaanza kucheza peke yake. Bi. Loretta akauliza kama najisikia vizuri. Nikasema hii ndiyo sura yangu ya furaha.

Akauliza kuchomelea vyuma kunahusiana vipi na kuwafurahisha watoto. Nikasema cheche. Watoto wanapenda cheche. Akaandika kitu. Kirefu.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama maji mteremkoni, mpaka Otis akapita nyuma yangu uchi wa mnyama, sufuria kichwani, akipiga tako lake kama ngoma. Bi. Loretta akauliza huyo ni nani. Hapo akili ikafanya kazi kwa kasi ya ajabu. Nikawaza, wakijua nina mtoto mdogo watasema huyu atakuwa anaomba ruhusa kila mafua yakipita. Nikajibu ni mtoto wa jirani.

Akasema mtoto wa jirani ana kidevu changu kabisa. Nikasema mtaa huu wote tuna videvu hivi, labda ni maji.

Nimepita! Jumamosi kuna jaribio la mwisho, ndani ya bustani yenyewe. Kila mwombaji anapewa tiketi mbili za wageni. Otis ataingia! Nikamwambia. Akakimbia kuvaa viatu, akaketi mlangoni. Nikamweleza kwamba Jumamosi bado. Akasema atangoja hapo hapo. Akangoja mpaka usingizi ukamchukua na viatu vyake. Mguu wa kulia kavaa cha kushoto. Nilimbeba nikambusu unyayo.

Lakini kwa Bi. Loretta sasa ni mtoto wa jirani. Haina shida. Nina mpango.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango ni mzuri mpaka naogopa.

Kesho kila mwombaji atavaa Barnaby kwa zamu na kutembea uwanjani mbele ya wageni. Wanatazama watoto wanavyokupokea. Sasa fikiria: mtoto mdogo, asiyejulikana, anachomoka katikati ya umati, anamkumbatia Barnaby mguuni kwa mapenzi mazito. Anawaacha wengine wote, anamchagua huyu! Kipaji hicho! Nani atamwajiri Kensley baada ya hapo?

Sharti la mpango: Otis asiniite mama. Asimwambie mtu yeyote mama yake ni nani, mpaka mimi niseme mchezo umekwisha. Zawadi yake: bakuli zima la pudini ya ndizi, peke yake.

Mazoezi asubuhi nzima. Nilivaa kapu la nguo chafu kichwani. Mara ya kwanza akakimbia akaniita mama. Mara ya pili akaniita mama Barnaby. Mara ya tatu akakumbatia jokofu. Lakini mchana, dukani, mwenye kaunta akamuuliza mama yako yuko wapi, kipenzi? Otis akamtazama usoni, akasema hana mama. Mwenye kaunta akanitazama mimi. Kifua kilinijaa fahari.

Wendell akauliza, ukimfundisha mtoto akukane, siku akizoea je? Nikamwambia kuna viyoyozi vinamlilia huko nje.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kanuni kwanza, alizotusomea Bi. Loretta. Barnaby hasemi. Barnaby havui kichwa mbele ya watoto, hata akizimia. Na kubwa kuliko zote: Barnaby ni mmoja tu duniani. Watoto wasiwaone wawili kwa wakati mmoja, kamwe. Barnaby wa kazini alikuwa kwenye gwaride upande wa pili, kwa hiyo sisi tusitoke kwenye uwanja wa chemchemi. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Kensley akaandika! Kimbelembele.

Kensley akatangulia. Akatembea, akapunga, akacheza kidogo. Mtoto mmoja akalia. Nikafurahi kimya kimya, Mungu anisamehe.

Zamu yangu. Ndani ya lile vazi ni joto la oveni, harufu ya watu wote waliokuwa Barnaby kabla yangu, na unaona kupitia mdomoni tu. Nikapiga hatua kumi za kimamba. Bi. Verna alipaswa kukaa na Otis kwenye benchi, akijua tu kwamba mtoto atakuja kunisalimia. Otis akachomoka! Akaja mbio, akanikumbatia mguu, akauzika uso wake kwenye manyoya ya kijani. Watu wakasema aaah. Mwanamke mmoja akafuta machozi. Nilimwona Kensley akiuma mdomo. Ah, raha iliyoje!

Kisha Otis hakuachia.

Tulifanya mazoezi ya kukumbatia. Ya kuachia hatukufanya.

Nikatembea naye akining'inia. Bi. Loretta akaja akauliza huyu ni wa nani. Nikatafuta benchi kupitia mdomo wa mamba. Benchi tupu! Mama mkwe alikuwa kwenye foleni ya paja la bata mzinga, amenipa mgongo, anachagua.

Bi. Loretta akainama, akamuuliza Otis mama yuko wapi. Otis, kwa sauti safi, akasema hana mama. Bi. Loretta akamtazama kidevu. Akanigeukia, akaniuliza taratibu: Barnaby, unamfahamu mtoto huyu?

Ningeweza kutikisa kichwa juu na chini. Ni jambo dogo tu, juu na chini. Lakini angejua nilimdanganya Alhamisi, na nafasi ingekwenda na maji. Nikatikisa kulia na kushoto.

Akaja mlinzi, dada mpole mwenye kaptula ya kaki, akamshika Otis mkono. Wakaenda kwenye chumba cha watoto waliopotea.

Nilijiambia nimalizie zamu, halafu nikamchukue. Zilibaki dakika chache. Nikapunga mkono. Nikapunga tena. Kule mbele niliona mgongo wake mdogo ukipungua katikati ya miguu ya watu, kamba ya kiatu imefunguka inaburuta. Hakulia. Alikuwa anacheza mchezo wangu. Na mimi nimesimama napunga!

Nikakimbia.

Kukimbia na mkia wa mamba si mchezo. Ulimpiga mzee mmoja, ukafagia meza ya ndimu. Lakini kichwa sikuvua! Kanuni nazijua! Nikakata kona kwenye duka la kofia, na nikajikuta katikati ya gwaride. Juu ya gari la maua, anapunga mkono, Barnaby.

Tukatazamana.

Tarumbeta zikafa moja moja. Msichana mmoja mabegani kwa baba yake akaninyooshea kidole, akapiga kelele, baba, yule ni mwizi kamvaa Barnaby! Watoto mia wakalia pamoja. Barnaby wa juu akaganda mkono hewani. Maskini, hana ruhusa ya kusema.

Nikapita chini ya gari la maua.

Chumba chenyewe kimepakwa rangi ya manjano, kina biskuti na viti vidogo. Nikaingia nikapiga kelele kwamba nimekuja kumchukua mtoto aliyepotea. Mama wa mezani akanisahihisha bila kuinua macho: hapa mtoto hapotei, bibie, hupotea mzazi. Mtoto yupo, ametulia, anakula biskuti. Nikamwambia basi mzazi amepatikana. Akainua macho, akaona mamba.

Nikavua kichwa. Nywele zimenata usoni, jasho linachuruzika. Nikamnyooshea mikono Otis. Yule mama akamuuliza, mpenzi, unamjua huyu?

Otis akanitazama. Akameza biskuti. Akasema hamjui.

Ee Mungu! Mtoto hashiki mswaki nikimwomba mara ishirini, leo ameshika hili! Yule mama akasogea katikati yetu, mkono umeshika simu ya ulinzi. Nikaapa. Nikataja siku ya kuzaliwa, nikataja kovu la goti. Akasema yeyote angeweza kuona goti, mtoto kavaa kaptula. Nikaanza kulia kweli kweli. Nikapiga magoti, magoti ya mamba, nikamwambia, Otis, baba, mchezo umekwisha. Umeshinda. Umekwisha kabisa.

Akauliza na pudini?

Nikasema yote.

Hapo akanirukia shingoni, mama, mama, mama, mpaka nikahesabu yote aliyoyabana tangu asubuhi. Akaniuliza sikioni kama na yeye alikuwa mzuri kwenye kazi. Nikamwambia hakuna mzuri kama yeye. Hata mama hakuwa mzuri hivyo.

Nilipogeuka, mlangoni alisimama Bi. Loretta. Nyuma yake Bi. Verna, na paja la bata mzinga.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani Bi. Verna alisimulia habari hii kabla ya ibada, baada ya ibada, na kidogo katikati ya sala. Kila akisimulia mkia unarefuka.

Pudini imeliwa. Wendell hakusema nilikuambia. Alifua soksi zangu zenye manyoya ya kijani, akazianika, akanishika bega. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Otis amerudi kwenye kiti cha jikoni. Gurudumu hakulipanda, tulitolewa kwa mlango wa nyuma. Akalipungia vilevile.

Jumatano, 12 Februari

Majibu. Kensley kapata. Mimi wananishukuru kwa moyo wangu.

Mchana Bi. Loretta akanipigia mwenyewe. Nilijua ni tusi la pili, nikajiandaa. Kumbe anaongea taratibu kama mtu anayemenya yai. Akasema, binti yangu, kosa halikuwa mkia wala gwaride. Nilijua ni wako tangu Alhamisi. Nilikuuliza mara mbili, ukamkana mara mbili. Ungeitikia tu, nafasi ilikuwa yako. Sisi tunawapenda akina mama. Mimi nililea wanne nikiwa ndani ya vazi la bata. Akasema niombe tena mwakani, ila safari hiyo nije na ukweli.

Baada ya simu nilikaa muda mrefu kwenye ngazi, Otis mapajani ananichora mamba mkononi kwa kalamu. Maneno ya yule mama yaliniingia. Nilikuwa mjinga kweli. Nimehangaika wiki nzima kuficha kitu ambacho wenyewe wanakitafuta! Wanapenda akina mama! Kensley hana hata paka!

Basi. Somo limeingia. Bustani mpya ya dinosaria, ng'ambo ya barabara kuu, nayo inachukua wanafunzi, na usaili wao ni mwezi huu huu. Nimeomba leo leo. Safari hii sikuficha. Penye kuuliza nina watoto wangapi, nikaandika: saba.

Wamejibu baada ya saa moja! Wamefurahi mno. Wanasema Jumamosi nije nao wote, kuna gurudumu dogo la kupanda bure.

Nimemwambia Otis. Tayari ameketi mlangoni na viatu.

Bado sita.